Wanaume Watatu Sebuleni kwa Ramatoulaye

(Mazungumzo mbele ya wanachuo wa ualimu, yakaandikwa baadaye kwa ajili ya wasomaji)

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, na nyinyi walimu watarajiwa mliojazana mpaka kwenye vizingiti vya milango: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za jioni.

Mlinipa ruhusa ya kuchagua kitabu chochote cha mwandishi mwanamke, nami sikuhangaika kutafuta. Nimechagua cha mwalimu mwenzetu, Mariama Bâ wa Senegal: Une si longue lettre, kilichotoka Dakar mwaka 1979. Wapo kati yenu wanaokijua kwa tafsiri yake ya Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii. Ni kitabu chembamba, cha kusoma baada ya chakula cha usiku na kukimaliza kabla ya kulala, ingawa sidhani kama utalala. Mwaka 2002 kiliingia katika orodha ya vitabu 12 bora vya Afrika vya karne ya 20, kikakaa safu moja na vya Achebe, Ngũgĩ, Mahfouz na Soyinka.

Tuanzie sebuleni. Siku ya mapumziko, Dakar. Ramatoulaye, mwalimu na msimulizi wa riwaya hii, yuko nyumbani na wanawe. Wanaingia wanaume watatu: Tamsir, kaka mkubwa wa mumewe, Mawdo Bâ, daktari, rafiki wa mumewe tangu ujana, na imamu. Mume mwenyewe, Modou Fall, mwanasheria na mtu wa vyama vya wafanyakazi, hayupo. Ramatoulaye moyo unamwenda mbio, maana ujumbe wa watu wazima wenye imamu ndani yake hauji kusalimia. Anahofia mumewe amepatwa na jambo. Wao wanazunguka: Mungu akitaka kuwakutanisha wawili, nani awezaye kuzuia? Kisha Tamsir analitoa. Modou hajafanya kosa, ameoa tu mke wa pili, leo hii, na wao wanatoka msikitini Grand-Dakar kushuhudia. Modou anatoa shukrani. Anamsifu mkewe kwa robo karne ya ndoa na raha zote alizompa. Ni majaliwa.

Ramatoulaye anajikaza kisabuni. Anatabasamu, anawashukuru kwa kuja, anawapa kinywaji.

Hapo naomba tusimame kidogo, kwa sababu kwangu mimi kitabu kizima kiko hapo. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyepandisha sauti. Jina la Mungu limetajwa, imamu amekaa kwenye kiti, shukrani zimetolewa. Mtu akikutusi unajua pa kumshikia. Lakini mtu akikuletea msiba wako kwa adabu, ameketi kwenye kiti chako, anakunywa maji yako, utamjibu nini usionekane wewe ndiye mkosa adabu? Mariama Bâ aliujua udhalimu wa namna hiyo, udhalimu uliovaa kanzu safi. Na ninalotaka kusema jioni hii ni hili: aliujibu akiwa ndani ya dini yake na ndani ya desturi zake. Wanaodai kwamba utetezi wa wanawake ni mzigo ulioshushwa bandarini kutoka Ulaya wangekisoma kitabu hiki kwanza, halafu tuzungumze.

Maisha yake yanalieleza jambo hilo. Alizaliwa Dakar mwaka 1929, Senegal ikiwa chini ya Mfaransa. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na babu na bibi wazaa mama, Waislamu wa kushika dini na watu wa mila. Kwao hao wazee, msichana kusoma shule ya Mzungu kupita kiasi hakukuwa na maana. Ajue dini yake, ajue kazi za nyumbani, aolewe. Aliyekataa ni baba. Alikuwa mtumishi wa serikali, na katika miaka ya 1950 akawa waziri wa afya wa Senegal. Akashikilia mtoto asome. Basi Mariama akakua na vyote viwili, Kurani huku na kitabu cha Kifaransa huku, na kazi za nyumbani juu yake, maana wale wazee hawakumsamehe hata sufuria moja.

Mwaka 1943 alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha wasichana cha Rufisque, karibu na Dakar. Chuo kile kilichukua wasichana kutoka makoloni yote ya Kifaransa ya Afrika Magharibi. Akawa wa kwanza. Mkuu wa chuo alikuwa mama wa Kifaransa, Germaine Le Goff, na wasomaji wengi humwona katika ule ukurasa mtamu ambapo Ramatoulaye anamkumbuka mkuu wake wa shule, Mzungu aliyewatakia wasichana wa Kiafrika watoke kwenye tope la mila bila kuutupa utamaduni wao. Huyo ni mwalimu anayesifiwa na mwanafunzi wake miaka 30 baadaye. Msidhani hawawasikii mnapofundisha.

Lakini pia msidhani Mariama alimezwa. Akiwa bado mwanafunzi aliandika insha kuhusu utoto wake, na ndani yake akaipinga siasa ya Wafaransa ya kutaka kumgeuza kila Mwafrika msomi kuwa Mfaransa mweusi. Msichana wa chuo cha ualimu, enzi za ukoloni, mbele ya walimu wa Kifaransa, kwa Kifaransa chao wenyewe.

Alihitimu mwaka 1947, akafundisha miaka 12, afya ikamsumbua, akahamia kwenye ukaguzi wa elimu. Alizaa watoto tisa. Ndoa yake na mwanasiasa Obèye Diop ilivunjika, akaendelea na maisha, na kazi, na vyama vya wanawake ambako alisema hadharani juu ya ndoa za mitara na haki za mke. Riwaya yake ya kwanza ilitoka akiwa na umri wa miaka 50. Wale mnaoniambia kila mara kwamba mna kitabu kichwani ila mmechelewa, mmesikia. Mwaka 1980 akapewa Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika, akiwa wa kwanza kabisa kuipata. Agosti 1981 saratani ikamchukua. Riwaya yake ya pili, Un chant écarlate, inayohusu ndoa ya kijana wa Dakar na binti wa Kifaransa, ilitoka mwaka huohuo, yeye hayupo. Kisiwani Gorée, mkabala na Dakar, iko shule ya bweni ya wasichana yenye jina lake, na wanaoingia huko ni wale waliofaulu vizuri kupita wenzao nchi nzima.

Turudi kitabuni. Modou Fall amekufa ghafla kwa moyo. Ramatoulaye yuko eda. Kwa wale wasioijua: mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi, haposwi. Ndani ya siku hizo anamwandikia shoga yake wa tangu utotoni, Aïssatou, aliyeko Marekani. Barua hiyo ndiyo riwaya.

Angalieni ujanja wa mwandishi. Angeweza kuifanya eda iwe jela na Ramatoulaye awe mfungwa anayegonga kuta. Hakufanya hivyo. Ukurasa wa mwanzoni tu Ramatoulaye anasema ataitimiza eda yake yote, kwamba amelelewa kwa masharti hayo na moyo wake unakubaliana nayo. Anayemhukumu Modou katika kitabu hiki ni mwanamke anayeswali. Ndiyo maana hukumu yake ni nzito. Angekuwa mtu aliyeitupa dini, wale wanaume watatu wangesema: mwacheni, huyo amepotea.

Kisha anaanza kuhesabu. Hapa nitakaa kidogo, maana wasomaji wengi hukimbilia machozi na kuruka mahesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya msibani. Mke mdogo, Binetou, ameletwa akae matanga katika nyumba ya mke mkubwa, kama desturi inavyotaka. Mawifi wanawafumua nywele wote wawili. Na mawifi hao hao, kwa maneno yale yale na kwa wepesi ule ule, wanasifu miaka 30 ya ndoa na miaka 5 ya ndoa, wanasifu uzazi wa watoto 12 na uzazi wa watoto 3. Ramatoulaye anaorodhesha hivyo, namba kwa namba, kwa sauti ya karani. Halafu zinaingia rambirambi. Zamani watu walileta mtama, mchele, maziwa, mifugo. Sasa wanaleta noti, tena zinatangazwa kwa jina la mtoaji. Pesa zinakusanywa, zinakamilika bunda zuri, ukoo wa mume unalichukua unaondoka nalo. Mjane mwenye watoto 12 anabaki mikono mitupu. Wangapi humu mmeona msiba wa namna hiyo? Msinyooshe mikono, kuna wakwe za watu ukumbini.

Hesabu ya pili ni ya mirathi. Kugawa mali ya marehemu kwa sheria ya Kiislamu kunataka kila kitu kiwekwe wazi, na kuweka wazi kunamvua marehemu siri zake. Siri za Modou ni madeni. Hana akiba. Kuna rundo la hati: anadaiwa na wauza vitambaa na dhahabu, na wenye duka na bucha waliokuwa wakimpelekea vitu nyumbani, na malipo ya gari. Nyumba aliyomweka Binetou ilipatikana kwa mkopo wa benki, na mkopo ule uliwekewa rehani nyumba ya Falène, ile anayoishi Ramatoulaye na wanawe. Hati ina jina la Modou, ila nyumba ilipatikana kwa akiba ya wote wawili, mshahara wa mwanasheria na mshahara wa mwalimu. Kwenye mkopo mwingine wa milioni nne, mama mkwe wake mpya na mumewe walikwenda kuhiji Makka wakarudi Alhaji na Hajati. Magari aina ya Alfa Romeo yalibadilishwa yakipata mkwaruzo tu. Na Binetou, aliyekatishwa masomo, alilipwa faranga 50,000 kila mwezi, kama mshahara, fidia ya shule aliyoiacha.

Someni tena hapo pa hija. Bâ hasemi neno la kejeli juu ya hija yenyewe. Yeye ni Mwislamu, anajua thamani yake. Anaandika tu ilikolipiwa. Mwanamke mmoja alikwenda kutubu kwenye Nyumba ya Mungu kwa nauli iliyotokana na kuvunja nyumba ya mwanamke mwingine. Basi. Hakuna alama ya mshangao.

Na ile rehani! Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ipo, na bado baadhi ya wake hugundua mambo dalali anapokuja na tangazo la mnada. Waambieni wasichana mtakaowafundisha, na wavulana pia, kwamba hati ya nyumba ni jambo la kuulizwa mapema, wakati bado mnacheka pamoja.

Binetou ni nani? Ni rafiki wa Daba, binti mkubwa wa Ramatoulaye. Alikuwa akija nyumbani pale kujisomea na Daba, wakijiandaa na mtihani wa kumaliza sekondari. Ramatoulaye alimwona akizidi kupendeza, nguo za dukani, za bei, akacheka na bintiye kuhusu yule mzee anayezilipia. Mzee alikuwa baba wa Daba. Mama yake Binetou ndiye aliyeshinikiza, akiliona dirisha la kutoka kwenye ufukara; mwandishi hakumpa hata jina, anamwita Mama Mkwe tu. Binetou mwenyewe hakutaka. Aliambiwa asimnyime mama yake uzee mwema. Kitabu kinamwita mwanakondoo aliyechinjwa kwenye madhabahu ya mali, na hata Daba, siku anapomtoa yule Mama Mkwe kwenye ile nyumba ya kifahari, anamwambia kuwa Binetou ni mhanga wake.

Najua kuna mtu hapa anasubiri kuuliza, kwa hiyo nimjibu kabla. Kila ninapozungumzia kitabu hiki husimama bwana mmoja akasema: "Mnaona? Adui wa mwanamke ni mwanamke." Anamtaja Mama Mkwe, halafu anamtaja Shangazi Nabou.

Haya, Shangazi Nabou. Huyu ni mama yake Mawdo, yule daktari. Ni mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Sine, na mwanawe alimwoa Aïssatou, yule shoga wa Ramatoulaye, binti wa sonara. Katika jamii ile sonara ni tabaka la chini, haoi kwa watawala wala hawamwoi. Mama akameza, akatabasamu, akasubiri miaka. Akaenda kijijini kwa kaka yake, akaomba apewe mtoto wa kike wa kulea, akapewa wajina wake, akamsomesha ukunga, akamfundisha adabu za nasaba, na alipoiva akamkabidhi Mawdo: mwoe, ukikataa unaniua. Kisasi kilicholelewa kwa uji. Namvulia kofia kwa subira yake, ingawa Mungu atunusuru naye.

Lakini Mawdo alikuwa mtoto? Alikuwa daktari, mtu mzima, baba wa wavulana wanne. Mama alileta mchumba. Kuoa alioa mwenyewe. Tena akaja kwa Ramatoulaye kujitetea. Alisema mke mdogo amemwoa kwa sababu ya mama, kwamba penzi liko kwa Aïssatou, ila mwili una mambo yake, na akatoa mfano wa filamu ya walionusurika ajali ya ndege wakala nyama ya maiti ili waishi. Wanangu, nimesoma hoja nyingi za mitara, za wanazuoni na za vijiweni, lakini ya kula maiti sijaisoma kwingine. Ramatoulaye naye alishindwa kuivumilia. Na Modou je? Mama Mkwe alitaka nyumba. Aliyetia saini benki ni nani? Wanawake wale wana makosa yao na Bâ hakuyaficha. Walichokuwa nacho ni ushawishi. Uamuzi, jina kwenye hati na funguo za gari vilikuwa kwingine.

Aïssatou aliondoka. Aliacha barua fupi kitandani mwa Mawdo, akasema anajivua penzi lake na jina lake, anavaa hadhi yake, akachukua wanawe wanne. Akasoma, akawa mkalimani, akapata kazi ubalozi wa Senegal nchini Marekani. Ramatoulaye alibaki. Binti yake Daba alimwambia aondoke, majirani walishangaa. Alibaki, na Modou hakurudi hata siku moja kulala, wala kuona watoto. Akajifunza kulipa bili, kubadilisha vitasa, kuita fundi bomba, kwenda sinema peke yake huku watu wakimkodolea macho. Watoto walipochoka kugombea basi, Aïssatou alisikia, akamnunulia Fiat 125. Ramatoulaye alikuwa mwoga wa usukani. Akajifunza hivyo hivyo.

Mjadala wa madarasani huwa ni nani kati yao alifanya vizuri. Mimi husikiliza, halafu huwakumbusha kwamba mwandishi mwenyewe aliachana na mumewe, lakini kalamu akampa aliyebaki. Wanaosema Ramatoulaye ni Mariama Bâ mwenyewe wamesahau hilo. Angetaka kuandika habari zake angeandika barua ya Aïssatou. Alichokitaka, nadhani, ni kumsikia yule ambaye sisi wanaharakati humwonea aibu kidogo: mama aliyevumilia. Yule ambaye tukimwona tunasema, kwa nini haondoki? Bâ akakaa naye chini akamwuliza, na majibu yake yakawa marefu kiasi cha kitabu.

Sasa, siku 40 zimepita tangu mazishi. Mlango unafunguliwa, wanaingia wanaume watatu. Walewale: Tamsir, Mawdo, imamu. Sebule ileile. Tamsir anasema, kwa ukunjufu kabisa, eda ikiisha nitakuoa. Unanifaa. Kwa kawaida mdogo hurithi mke wa kaka, mara hii kaka anamrithi mke wa mdogo, lakini haidhuru. Hakuuliza. Alikuwa anatoa taarifa, kama ile ya kwanza.

Hapo, wanangu, miaka 30 ya ukimya inapasuka. Anamwuliza kuhusu wake zake alionao. Kipato chako hakiwatoshi wala hakiwatoshi watoto wako. Mmoja anatia rangi vitambaa, mwingine anauza matunda, wa tatu anazungusha mkono wa cherehani kutwa, na wewe bwana mkubwa umejinyoosha unahudumiwa. Anamwambia kwamba amesahau kuwa yeye ana moyo na ana akili, si kitu cha kupokezana mkono kwa mkono. Anamwambia ndoa kwake ni imani na mapenzi, na kwamba jibu ni hapana. Imamu anashtuka: maneno gani haya, na mtu yuko eda! Na Mawdo, yule wa nyama ya maiti, anayasikia yote.

Niliposema anajibu kutokea ndani, nilimaanisha hili. Eda ameishika, aliyeivunja kwa kuposa kabla ya wakati ni Tamsir, mbele ya imamu. Ndoa anaiheshimu, aliyeifanya biashara ni Tamsir. Anachukua vipimo vyao wenyewe anawapima navyo, na wanaonekana wafupi.

Baadaye anakuja Daouda Dieng, daktari na mbunge, mchumba wake wa zamani ambaye mama yake alimtaka sana. Mtu mwema, mstaarabu, tajiri, na bado anampenda. Hawa wawili wanabishana siasa vizuri kupita wanandoa wengi ninaowajua. Ramatoulaye anamkaba kwa wabunge wanawake, wanne tu kati ya mia. (Senegal ilipitisha sheria ya usawa wa wagombea mwaka 2010, angekuwepo angeanza kuhesabu upya.) Lakini Daouda ana mke na watoto. Ramatoulaye anamkataa kwa barua: jana nilitelekezwa kwa sababu ya mwanamke mwingine, leo siwezi kuingia kati ya wewe na mkeo. Jirani yake Farmata, mpiga ramli wa kauri, alikuwa ameshaona mahari na sherehe kwenye kauri zake, nusura azirai. Kwangu huu ndio msimamo mgumu kuliko ule wa Tamsir. Kumkataa mbaya ni rahisi.

Jambo moja zaidi kwa kazi yenu. Mmoja wa mabinti zake, naye anaitwa Aïssatou kwa jina la shoga, anapata mimba akiwa sekondari. Mvulana, Ibrahima Sall, yuko chuo kikuu na masomo yake hayatikisiki. Msichana akigundulika anafukuzwa. Ramatoulaye anatikisika, anakasirika, halafu anamkumbatia mwanawe, na pamoja wanapanga: magauni mapana, mtoto atazaliwa likizo ndefu, shule iendelee. Kitabu cha mwaka 1979. Hapa Tanzania mlango wa shule ulifunguliwa rasmi kwa wasichana waliojifungua Novemba 2021. Mtakapopata mwanafunzi wa aina hiyo, na mtampata, mtakuwa na waraka wa serikali mkononi. Ramatoulaye hakuwa nao.

Mwisho wa barua, Aïssatou amepanda ndege, anafika kesho. Ramatoulaye anajiuliza atashuka na suti au na gauni la kwao. Anamjua: miaka ya ugenini itamfanya atake meza, kiti, sahani, uma, aseme hivyo ndivyo rahisi. Anamwonya mapema kwamba hatamkubalia. Atatandika mkeka, ataweka bakuli kubwa linalofuka moshi, na itambidi avumilie mikono ya wengine ndani yake. Wahakiki fulani wanasema hapo Bâ amerudi nyuma, kwamba aliyewatoa wanawake jikoni amewarudisha mkekani. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Tamsir amefukuzwa kwenye nyumba hii, mkeka haujafukuzwa, na ukitaka kujua Mariama Bâ alikuwa anatetea nini, tazama alichokibakiza.

Nimemaliza. Naona mikono tayari, tuanze na yule binti wa dirishani. Na nyie vijana wa safu ya nyuma, sogeeni mbele, hakuna atakayewaoza leo.